Conques: kijiji cha toba na wizi mtakatifu

Jumanne, Rodez

Treni ya Toulouse kwenda Rodez haina haraka hata kidogo. Ikishapita Albi na Carmaux inaanza kupanda, na njiani inavuka daraja la chuma la Viaur, lililofunguliwa mwaka 1902, mita 116 juu ya mto. Mdogo wangu alikuwa anasinzia. Akashtuka, akachungulia chini, akasema "Yesu Maria!" kisha akarudi kusinzia. Yeye ni mtu wa Bukavu. Tumezoeana Toulouse kwa sababu ya Kiswahili chetu kinachogombana kila siku, changu cha Tanga na chake cha Kivu, na ananiita yaya, yaani ndugu mkubwa kwa Kiswahili chake, ingawa tumepishana miaka michache tu. Yeye Mkatoliki, ndiye aliyeng'ang'ania safari hii ya Conques. Mimi Mwislamu nilikubali kwa kuwa napenda kutembea, na nilitaka kuona madirisha ya mchoraji Soulages.

Pierre Soulages alizaliwa hapa Rodez mwaka 1919, akafariki 2022 akiwa na miaka 102. Alijulikana hasa kwa kupaka rangi nyeusi. Makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa mwaka 2014, na humo ipo michoro aliyoandaa kwa ajili ya madirisha ya kanisa la abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Conques. Mwenyewe alisimulia kwamba shule ilimpeleka Conques angali mvulana, na ni ndani ya kanisa lile alipoamua kuwa sanaa ndiyo itakuwa maisha yake. Nikasimama mbele ya michoro ile kwa muda mrefu. Ni mistari myeusi kwenye weupe, imepinda kidogo, basi. Mdogo wangu akauliza kama mtu alilipwa kwa kazi hiyo.

Jumatano, Espalion hadi Estaing

Basi limetushusha Espalion, kwenye mto Lot, na hapo ndipo viatu vilipoanza kazi. Njia tunayoifuata ni ya mahujaji waendao Santiago de Compostela, Hispania, kutoka mji wa Le Puy-en-Velay. Siku hizi imewekewa alama za rangi nyeupe na nyekundu kwenye miti na mawe, na jina lake la wapanda milima ni GR 65. Huhitaji ramani. Ukitembea kitambo bila kuona alama, ujue umepotea, rudi.

Kati ya Espalion na Estaing hakuna mengi ya kusimulia zaidi ya matope. Estaing yenyewe ni ngome juu, nyumba zimeizunguka, daraja la mawe chini. Mwaka 2005 ngome hiyo ilinunuliwa na Valéry Giscard d'Estaing, rais wa zamani wa Ufaransa, pamoja na jamaa zake. Ukishakuwa na jina la kijiji, labda unaona aibu kutokuwa na nyumba pale.

Alhamisi, Estaing hadi Golinhac

Kilomita kumi na nne hivi, na sehemu kubwa ni kupanda kutoka bonde la Lot. "Miye ni mwana wa Bukavu, milima haiwezi nishinda," mdogo wangu alitangaza asubuhi. Kufika saa tano alikuwa amenyamaza kabisa.

Huku juu kuna mashamba ya majani, misitu ya chestinati (miti yenye kokwa zinazolika), na ng'ombe wa Aubrac: rangi ya hudhurungi, pembe ndefu, weusi kuzunguka macho. Zao la chestinati ndilo lililolisha watu wa vilima hivi karne na karne, kwa sababu ngano haistawi vizuri kwenye miteremko ya mawe. Walizikausha kwenye vibanda vyenye moshi, wakala mpaka majira mengine.

Jioni nyumba ya wageni ilituwekea meza moja sisi na mahujaji wengine. Mwenye nyumba alileta sufuria kubwa la aligot akausonga mbele yetu. Ni viazi vilivyopondwa, vikachanganywa na jibini changa ya Aubrac, siagi na kitunguu saumu. Alikuwa na mwiko wa mti mrefu kama mkono wake. Anausukuma chini, anauzungusha, anauinua, na aligot inafuata juu kwa utepe mmoja mpana usiokatika, mpaka mwiko unafika usawa wa kichwa. Akaukata kwa ukingo wa sahani yangu. "Ugali wa wazungu," mdogo wangu akaniambia pembeni, na tukaongezewa mara mbili. Inasimuliwa kwamba chakula hiki kilianzia kwa watawa wa hospitali ya Aubrac, waliokuwa wakiwapa mahujaji mkate uliochanganywa na jibini, kabla viazi havijafika Ulaya.

Mezani alikuwepo mzee mmoja mstaafu aliyekuwa anaipita njia hii si mara yake ya kwanza. Alituuliza kama tunajua nani alianzisha Conques. Hatukujua. Basi akatuambia habari za Dadon.

Dadon alikuwa askari wa nchi hii mwishoni mwa karne ya 8. Waislamu wa Hispania walivamia, wakachukua mateka, na mmoja wa mateka hao alikuwa mama yake. Dadon akawafuata mpaka kwenye ngome yao akiwa juu ya farasi wake mzuri. Wakamwita kutoka ukutani: tupe farasi, tukupe mama yako. Akakataa. Akawajibu kwa hasira kwamba wafanye watakavyo, farasi hatoi. Wakamuua mama yake mbele ya macho yake. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Akaacha silaha, akaacha mali, akaja kwenye bonde hili lisilo na mtu, akaishi peke yake akitubu. Wengine wakamfuata, na kundi hilo ndilo lililogeuka kuwa nyumba ya watawa. Mfalme Louis, mwana wa Charlemagne, akaiandikia hati mwaka 819, na kisa chenyewe kiliandikwa na mshairi wa mfalme huyo, Ermold, miaka michache baadaye.

Mezani kukawa kimya. Mzee hakujua amegusa nini. Kwetu, mtu aliyemnyima mama yake farasi hana pa kwenda, hata akitubu milele. Radhi ya mama haipatikani kwa kukaa peke yako msituni. Mdogo wangu akasema kwa Kifaransa, taratibu, kwamba kwao Bukavu mtu huyo hata jina lake lisingetajwa. Mzee akacheka: hapa wamemtaja miaka elfu moja na mia mbili.

Na nilivyozingatia, katika kisa hicho watu wa dini yangu ndio wenye panga. Mshairi wa mfalme wa Kifaranka hangesimulia vinginevyo. Nimekimeza pamoja na aligot.

Ijumaa, Golinhac hadi Conques

Kama kilomita ishirini na moja. Espeyrac tulikunywa kahawa, Sénergues tulinunua mkate na jibini, na baada ya hapo njia inakwenda juu ya mgongo wa kilima huku ukijiuliza kijiji kiko wapi. Huoni kitu. Kisha njia inaanguka. Ni mteremko wa mawe yaliyolegea ndani ya msitu, magoti yanalalamika, na ghafla chini ya miguu yako kuna paa, na mapaa mengine chini ya hilo, na katikati yake minara mitatu ya kanisa lililo kubwa kupita kiasi kwa kijiji hiki.

Bonde lina umbo la kombe la bahari, na kijiji kimebanwa upande mmoja wa kombe hilo, juu ya kijito Ouche kinapokutana na mto Dourdou. Mapaa yote ni ya vipande vya mawe ya shisti, ya kijivu, yamepangwa kwa mapande mengi yanayopishana. Kuta nyingine ni mbao zilizojazwa udongo na mawe. Barabara zimesakafiwa kwa mawe na zote aidha zinapanda au zinashuka. Gari la mgeni linaachwa nje. Tangu Januari 2016 Conques imeunganishwa na vijiji jirani Grand-Vabre, Noailhac na Saint-Cyprien-sur-Dourdou kuwa manispaa moja, Conques-en-Rouergue, lakini wanaolala ndani ya kijiji chenyewe mwaka mzima ni wachache mno. Wageni wa mchana ndio wanaokijaza.

Tulilala nyumba ya wageni ya abasia, nyuma ya kanisa. Watawa wa sasa si Wabenedikto walioijenga. Ni Wapremonstratensi, wenye kanzu nyeupe, ambao askofu wa Rodez aliwaita mwaka 1873. Mdogo wangu aliwatambua mara moja: shirika hilohilo, kutoka abasia ya Tongerlo kule Ubelgiji, lilipeleka wamisionari Uele, kaskazini mwa Kongo, kuanzia 1898. Akaenda kumsalimu bruda mmoja kana kwamba wamewahi kuishi mtaa mmoja.

Baada ya chakula na Sala ya kabla ya Kulala, bruda anatoka nje na mahujaji, wanasimama uwanjani mbele ya mlango wa magharibi, na anawasomea jiwe. Maana kweli ni kusoma. Juu ya mlango limechongwa tao la Hukumu ya Mwisho, kazi ya mwanzoni mwa karne ya 12, lenye watu 124. Bado lina mabaki ya rangi ya buluu na nyekundu, kwa sababu kibaraza kilichojitokeza mbele yake kimelikinga na mvua. Kristo yupo katikati, mkono wa kulia juu, wa kushoto chini. Upande wa waliookoka watu wamepangwa kwa adabu, hata unasinzia. Charlemagne yupo, na abati anamwongoza kwa kumshika mkono, maana mfalme huyo alikuwa na dhambi zake.

Upande wa pili ndiko mchongaji alikofurahia kazi. Mlafi anainamishwa kichwa chini. Bahili ananing'inizwa na mfuko wa fedha shingoni. Mtengeneza fedha bandia anasubiri kunyweshwa madini yaliyoyeyushwa. Askari mwenye majivuno anaanguka na farasi wake. Mwindaji haramu amefungwa kwenye mti wa kuchomea nyama, na anayemgeuza motoni ana kichwa cha sungura. Kuna hata viongozi wa watawa walionaswa na shetani kwa wavu, na hilo watawa wenyewe walilikubali juu ya mlango wao wenyewe. Chini ya Kristo, malaika Mikaeli anapima roho kwenye mizani, na shetani anakandamiza sahani kwa kidole akidhani hakuna anayemwona. Kila soko ninalolijua lina mtu huyo.

Ukingoni mwa tao, bruda akatuonyesha nyuso ndogo zinazochungulia, vidole vimeshika pindo la jiwe kama walioshika ukuta wa jirani. Hawana kazi yoyote katika Hukumu. Wanatazama tu. Ndio niliowapenda kuliko wote.

Baadaye kinanda kikapigwa kanisani. Tulipanda kwenye ghorofa ya juu tukazunguka tukiangalia vichwa vya nguzo kwa karibu.

Jumamosi, Conques

Nimeamka mapema kwa ajili ya madirisha. Soulages na fundi vioo Jean-Dominique Fleury wa Toulouse walimaliza kazi mwaka 1994: nafasi 104 za madirisha, na hakuna rangi hata moja. Walitafuta kioo kinachopitisha mwanga lakini hakikuruhusu kuona nje. Ile mistari niliyoidharau Rodez ni madini ya risasi na vyuma vinavyoshika kioo. Saa kumi na mbili asubuhi kioo kilikuwa cha buluu, upande wa mashariki kinaelekea manjano, na kadiri jua lilivyopanda rangi zilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Nimekaa saa nzima bila kusoma wala kuomba. Wenyeji, inasemekana, walinung'unika sana vioo vya zamani vya rangi vilipoondolewa. Mimi ningenung'unika pia, kwa wiki moja.

Sasa twende kwenye hazina ya kanisa, chumba cha vitu vyake vya thamani. Sikuwa nimejiandaa kwa Mtakatifu Foy.

Kwa mapokeo alikuwa msichana wa Agen, mwenye miaka 12 hivi, aliyeuawa kwa imani yake mwaka 303 wakati wa Kaisari Diocletian. Sanamu yake imekaa kwenye kiti ndani ya chumba chenye giza, urefu wa sentimita 85. Ndani ni mti, nje ni mabamba ya dhahabu, na juu ya dhahabu kumepachikwa vito visivyo na mpango: mawe ya Kirumi yaliyochongwa nyuso, fuwele, lulu, kila kimoja kimeletwa na mtu na karne yake. Kichwa ni cha kale kuliko mwili, cha Kirumi, uso wa mtu mzima, na wala si wa msichana. Kimeelekea nyuma kidogo, macho makubwa yanatazama juu ya bega lako. Huwezi kumkabili. Ukisogea kulia, bado anatazama kwingine.

Bernard, mwalimu wa Angers, alifika hapa mapema karne ya 11 akiwa na dharau zote za msomi. Akamwambia mwenzake kwamba hii ni sanamu ya kipagani, tofauti yake na Jupita iko wapi? Mimi niliyelelewa chuo cha Kurani Tanga nilijikuta nakubaliana naye neno kwa neno. Kisha Bernard akasikiliza visa vya wenyeji, akatubu, na akaandika kitabu cha miujiza ya mtakatifu huyo. Hapo mimi na yeye tukaachana, lakini visa vyenyewe ni vitamu. Foy wa Bernard ni mtoto hasa. Anapenda bangili na pete, anawatokea wanawake ndotoni kudai walivyovaa, na asiyetoa anaugua. Anafanya mizaha na wanakijiji, na wenyewe waliiita hivyo, mizaha ya Mtakatifu Foy. Anafungua pingu za wafungwa, nao wanakuja kumwachia vyuma hivyo kanisani. Inasemekana uzio wa chuma unaozunguka altare ulifuliwa kutokana navyo. Mtu mmoja aliyeng'olewa macho, Guibert, akarudishiwa, na habari zake zikaleta umati.

Lakini alifikaje hapa kutoka Agen?

Hilo ndilo lililomchoma mdogo wangu. Katika karne ya 9 abasia ilikuwa maskini, haina masalia ya mtakatifu yeyote wa maana, na bila masalia hakuna hujaji, na bila hujaji hakuna sadaka. Kwa hiyo mtawa mmoja alitumwa Agen. Akajifanya padri wa kawaida, akajiunga na jumuiya yao, akaishi nao miaka kumi mpaka wakamwamini, wakampa kazi ya kulinda kaburi la Foy. Usiku mmoja alilivunja kaburi, akatia mifupa mfukoni, akakimbilia Conques. Mwaka unaotajwa ni 866. Watawa hawakuficha, waliandika wenyewe na kujisifu. Hoja yao ilikuwa kwamba mtakatifu ana nguvu, na kama hakutaka kuhama, asingekubali kubebwa.

"Yaya," mdogo wangu akasema pale uani mwa hazina, kwa sauti ambayo watu waligeuka, "kila mwizi husema mali ilimfuata."

Kutokana na mifupa hiyo kilijengwa kila tulichokiona tangu jana. Kanisa la karne ya 11 na 12 lina njia inayozunguka nyuma ya altare ili umati upite kuona masalia bila kukatiza ibada. Abati Bégon, aliyeongoza kati ya 1087 na 1107, alijenga ua wa watawa na kutengenezesha vyombo vya dhahabu. Hujaji akileta shamba, hujaji akileta pete. Shamba la mizabibu la Marcillac, jirani hapa, wanasema lilianzia na watawa hao, na divai yake mpaka leo ina jina linalolindwa na sheria tangu 1990 (mdogo wangu ameionja kwa niaba yetu wote wawili).

Kisha yakaja mambo ya kawaida ya dunia. Karne ya 16 watawa wakageuka kuwa makanoni, yaani mapadri wa kanisa wasio watawa, mwaka 1568 Waprotestanti wakachoma kanisa, na Mapinduzi ya Ufaransa yakafunga nyumba. Hapo ndipo wanakijiji walipofanya jambo. Serikali ilipokuwa inakusanya dhahabu za makanisa iyeyushwe, watu wa Conques walizigawana usiku, kila nyumba ikaficha kipande chake, wengine wanasema chini ya chestinati zilizokuwa zinakauka. Hatari ilipopita, walivirudisha. Kijiji cha maskini, chenye njaa, na dhahabu ndani ya bomba la moshi. Ua wa watawa hawakuuonea huruma hiyo: mawe yake yalibebwa kujengea nyumba, na ndiyo maana leo imebaki safu fupi tu ya matao pamoja na beseni la jiwe la kijani. Mwaka 1837 Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale, alifika akakuta kanisa linakaribia kuanguka. Alipiga kelele Paris mpaka likatengenezwa.

Jumapili, Conques hadi Decazeville

Tumetoka baada ya Masifu ya Asubuhi. Unashuka mpaka daraja la mawe juu ya Dourdou, halafu unapanda upande wa pili, mpando mkali kuliko wote wa safari hii. Katikati yake kuna kanisa dogo la Mtakatifu Foy na chemchemi ambayo watu waliiamini kwa maradhi ya macho. Kila hujaji anapiga kengele pale kuaga kijiji. Mdogo wangu alipiga kama mtu anayedai deni.

Decazeville ni jambo jingine kabisa. Mji wa makaa ya mawe wa karne ya 19. Migodi ya chini ilifungwa baada ya mgomo mkubwa wa 1961 na 1962, na shimo kubwa la wazi likafuata 2001. Hakuna anayekuja kupiga picha. Tulipata chakula kizuri kuliko Conques kwa nusu ya bei.

Kituoni Viviez, tukisubiri treni, tuliendelea palepale tulipoachia jana. Yeye anasema kama Conques wameruhusiwa kukaa na kitu cha wizi kwa sababu kimezeeka, basi na makumbusho ya Afrika ya Tervuren, kule Ubelgiji, watasubiri tu mpaka vinyago vya Kongo vizeeke. Mimi nikasema si sawa: Conques walivificha vitu hivi kwa hatari ya vichwa vyao na wakavirudisha, hilo nalo lina uzito. Akasema walivirudisha kwao wenyewe. Nikamwambia sijawahi kusikia Agen wanadai mifupa yao.

"Yaya, uliwauliza?"